Kijiko cha kuvulia migebuka kimetoweka madukani Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kitu kidogo kinachoenea kiganjani, ambacho kwa muda mrefu sasa nimekitafuta katika maduka ya Kigoma mjini, Mwanga na Ujiji bila kukipata. Kitu hicho ni kijiko cha kuvulia migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Nakiita kijiko kwa sababu ndivyo tunavyokiita sisi tunaovua kwa mshipi hapa Kibirizi, ingawa mwenye duka akikuandikia risiti ataandika chambo bandia. Wasomaji wa bara wasidhani nazungumzia kijiko cha chai. Hiki ni kipande cha shaba ya manjano chenye urefu wa sentimita 7, kimepinda kidogo kama ganda la kombe, upande wa nje kimepakwa nikeli kikawa cheupe kama fedha, na upande wa ndani kimeachwa na rangi yake ya shaba. Kina tundu kila ncha: ncha nyembamba hufungwa mshipi, na kwenye ncha pana huning'inia pete yenye ndoana ya makucha matatu.

Mimi ni mstaafu wa reli. Nilipopumzishwa kazi hapa mwisho wa reli sikuona sababu ya kurudi nilikotoka, nikanunua mtumbwi mdogo, na katika duka moja nikakuta vijiko hivyo vimepangwa juu ya kadi, kumi na viwili, vimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mizani. Nilinunua viwili kwa kujaribu na kabla ya wiki kwisha nikarudi kununua vilivyobaki. Leo ninacho kimoja tu. Vingine vimelala katikati ya mawe kule Bangwe na Katonga, na kimoja naamini kiko tumboni mwa sangala mmoja aliyekata mshipi wangu kwa mvuto wa mara moja, bila hata kunipa nafasi ya kumlegezea.

Asiyejua uvuvi huu atauliza kwa nini nisivue kwa chambo cha kweli. Nimejaribu. Chambo anachokipenda mgebuka ni dagaa, na dagaa wa ziwa hili hufa mara tu anapotolewa majini, mwili wake ni laini, ukimtia ndoana na kumvuta mara mbili tatu anabaki kichwa. Isitoshe, kwa bei ya dagaa ilivyo sasa, mke wangu aliniuliza swali moja tu siku aliponikuta nikichambua dagaa wa kuchomekea ndoana, na sikuwa na jibu. Kijiko hakiondoi gharama zote, lakini hakiliwi, hakiozi, na kazi yake inategemea jambo ambalo Ziwa Tanganyika linalo kuliko maziwa mengi, yaani maji maangavu. Mgebuka ni mwindaji wa macho. Hufuatana na makundi ya dagaa na kumnyakua yule aliyejitenga au aliyeumia. Kijiko kikivutwa kwa mwendo wa kadiri huyumba kulia na kushoto, na kila kinapoyumba upande mweupe hupokea mwanga na kuurudisha mara moja, kisha huja upande wa shaba ya manjano, kisha mweupe tena, sawasawa na dagaa aliyejeruhiwa anavyogeuza tumbo. Kinapofanya kazi vizuri mvuvi hana haja ya kukiona. Mshipi hutetemeka kwenye kidole cha shahada kama moyo wa kuku aliyeshikwa mkononi. Ukikosa mtetemo huo unajua kijiko kimenasa jani, au unavuta polepole mno, au ni kibovu.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Vijiko vibovu vipo. Baada ya vile vya kwanza kwisha, mwenye duka yule yule aliniletea vingine vilivyofanana navyo kwa sura. Vilikuwa vya bati jembamba la chuma lililopakwa rangi ya fedha. Siku ya kwanza niliona havitetemeki bali vinazunguka kama pia, hata mshipi ukajisokota na kujifunga mafundo niliyoyafungua hadi saa tano usiku. Siku ya nne rangi ilianza kubabuka, na kabla ya wiki kwisha kutu ilikuwa imetokeza kwenye matundu. Nikaagiza vingine Kariakoo kwa kumtumia picha muuzaji kwa simu. Vilikuja kwa basi vimefungwa vizuri, na kwa kweli vilikuwa vya shaba, ila ndoana zake zilikuwa laini kiasi kwamba mgebuka wa kawaida tu alininyooshea moja ikawa kama sindano ya kushonea magunia. Nikaweka ndoana nyingine nzito zaidi, na uzito wake ukaua mwendo wa kijiko. Hapo nilitambua kwamba nilichokuwa nakitafuta hakikuwa kijiko chochote chenye kung'aa, bali kile kile chenye unene ule, mpindo ule na uzito ule.

Nilirudi dukani. Nayaandika mazungumzo yetu kwa sababu yanaeleza tatizo vizuri kuliko nitakavyoweza kulieleza mwenyewe. Nilimuuliza kijana wa dukani kwa nini haleti tena vile vya zamani. Akanijibu kwa heshima, "Mzee wangu, vijiko havina mteja. Nikileta robota ya nyavu, mwezi hauishi. Nikileta taa za sola, siku mbili tatu zimekwisha. Vijiko vinanikalia." Nikamwuliza vile kumi na viwili vya kwenye msumari vilimkalia muda gani. Akacheka, akakiri kwamba mimi nilivimaliza ndani ya wiki moja, na kwamba baada yangu walikuja watu wengine sita au saba kuviulizia, wakiwamo vijana wawili waliotoka Ujiji kwa miguu. Watu wanane kwa duka moja ni wachache. Lakini maduka ya namna yake mjini ni mengi, na kila duka lina wanane wake wanaoambiwa kuwa hawapo.

Simlaumu sana, kwa maana mwenye duka hutazama mzunguko wa fedha. Uvuvi wa ziwa hili kwa sehemu kubwa ni wa nyavu na taa: mitumbwi hutoka jioni, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hupanda kutoka kilindini kufuata mwanga, na migebuka hupanda kuwafuata dagaa. Mwenye chombo kikubwa, injini, nyavu na wavuvi wa kulipwa ndiye anayenunua kwa robota. Sisi wa mshipi hununua kimoja kimoja, tena baada ya kukigeuza geuza mkononi kwa dakika kumi. Hata hivyo tupo, na zipo siku ambazo sisi ndio tunaoonekana majini. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu mbele ya mbalamwezi, vyombo vikubwa hupumzika, na kwa siku hizo chache mtu mwenye mtumbwi, mshipi na kijiko anaweza kuleta samaki sokoni wakati samaki hawapo. Nawajua vijana hapa Kibirizi ambao hawana nyavu, hawana taa, hawana injini, na ambao siku hizo ndizo zinazowalipia kodi ya chumba. Kwao msumari mtupu dukani ni siku za kazi zilizopotea. Kwangu mimi mwenye pensheni ni kero tu, na sitaki kujifanya kwamba maumivu yetu ni sawa.

Katika kutafuta nilisoma habari za chombo hiki na za ndugu zake, na niliyoyasoma yaliniongezea hasira kwanza, kisha yakanipa wazo. Wamarekani wanasimulia kwamba kijiko cha kuvulia kilianza na mtu aitwaye Julio Buel, aliyekuwa akila chakula katika boti kwenye ziwa moja la Vermont, kijiko chake cha kulia kikamponyoka na kuzama, akaona samaki akikirukia kikiwa kinayumba kuelekea chini. Alikwenda nyumbani, akakata mpini wa kijiko kingine, akakitoboa na kukifunga ndoana. Kisa hicho mimi nakichukua kama hadithi nzuri ya wavuvi, na wavuvi tunajuana, lakini hati aliyopewa na serikali yake ya kuutambua ubunifu huo ipo, na ni ya mwaka 1852. Halafu yuko Lauri Rapala wa Finland, mvuvi wa kawaida aliyekuwa akitazama jinsi samaki mkubwa anavyomchagua katika kundi yule mdogo anayeyumba. Mwaka 1936 alichonga samaki wa gome la koki kwa kisu cha fundi viatu, akamvika karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi akayeyusha negativu za picha na kumpaka ili maji yasiingie. Jina la mtu huyo leo limeandikwa kwenye maboksi duniani kote. Wote wawili walianzia na kile kilichokuwa mezani au jikoni mwao.

Kisa cha tatu kilinigusa zaidi, kwa sababu kinafanana na changu. Katika mji wa Norman, jimbo la Oklahoma, kulikuwa na kiwanda kiitwacho Storm kilichotengeneza chambo cha plastiki chenye tumbo nene, kiitwacho Wiggle Wart. Mwaka 1999 kiwanda hicho kilinunuliwa, utengenezaji ukahamishwa, na chambo chenye jina lile lile kikaendelea kutoka. Wavuvi wa kule wakashikilia kwamba kipya hakiogelei kama cha zamani. Tangu hapo vile vya zamani vimekuwa vikitafutwa katika mabanda ya mitumba na kwenye visanduku vya marehemu, na hununuliwa kwa bei ambayo hakuna aliyeilipa vilipokuwa vipya. Mtu asiyevua atasema hao ni watu wenye ukichaa wao. Mimi niliyeshika mshipi wenye kijiko cha bati mkononi mwangu nawaamini kabisa. Tofauti ya unene usiouona kwa macho, samaki anaiona.

Wazo nililolipata ni hili: kama chombo hiki kilianza kwa kijiko cha mezani na kwa kisu cha fundi viatu, kwa nini sisi tusubiri kiletwe? Ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 nilikuwa na miezi mitatu ya kukaa bure, nikamwendea fundi mmoja anayetengeneza majiko na kuziba sufuria, nikiwa na kijiko changu cha mwisho mfukoni. Suala la kwanza lilikuwa shaba. Fundi akaniongoza nyuma ya kibanda chake, na hapo palikuwa na rundo la karabai, zile taa za mafuta ya taa. Wasomaji wa umri wangu wanazikumbuka: ndizo zilizovulia dagaa wa ziwa hili kwa miaka mingi kabla ya taa za sola kuzisukuma pembeni. Tangi la karabai ya zamani ni shaba ya manjano, na sasa linauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Taa iliyokuwa ikiita dagaa ikageuka kuwa dagaa. Sikuweza kujizuia kulisema hilo, na fundi alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Tulikosea mara mbili. Kijiko cha kwanza tulikikata kutoka tangini kama kilivyo, na kwenye mizani ya sonara kilikuwa na gramu 6, ilhali cha asili kina gramu 21. Bati la tangi lina unene wa nusu milimita hivi. Tulikishusha katika pipa la maji la ujenzi, tena bila ndoana, nisije nikaonekana navua wakati ziwa limefungwa, na kikashuka kwa madaha kama jani la mwembe. Kilipendeza kukitazama, lakini kwa mwendo huo kingefika walipo migebuka jua limekwisha kutua. Cha pili tulikiunganisha tabaka mbili kwa lehemu, kikafika gramu 12, ila fundi alikikunja kwa mpindo ule ule kutoka ncha hadi ncha, nacho kikazunguka badala ya kuyumba, yaani kosa lile lile la vijiko vya dukani. Hapo ndipo tulipokaa chini na kukipima cha asili kwa uzi na rula kama watu wenye akili. Tuligundua kwamba mpindo wake si sawa: theluthi ya upande wa mshipi ni karibu bapa, na kina chake chote kiko upande wa ndoana, mahali ambapo pia ni papana zaidi.

Fundi akachimba umbo hilo katika gogo la mninga, akagongelea humo vipande vitatu kimoja kimoja kwa nyundo ya mti, akaviunganisha kwa lehemu, akatoboa kwa keekee na kulainisha kingo kwa tupa. Nikeli hatukuwa nayo. Yeye mwenyewe akapendekeza apake lehemu nyembamba upande wote wa nje na kuifuta kwa kitambaa ikiwa bado ya moto, na upande huo ukawa mweupe vizuri kabisa. Upande wa ndani nilisugua mimi kwa majivu na ndimu, kama tulivyosugua vyombo vya shaba nyumbani tulipokuwa watoto. Uzito ulikuwa gramu 19. Ziwa lilipofunguliwa nilitoka alfajiri ya siku ya tatu, nikakishusha, nikaanza kuvuta, na kidole kikapokea mtetemo. Sikuvua kitu kwa saa nzima. Halafu nikapata migebuka minne, mmoja baada ya mwingine, na wa tano akaondoka na mdomo wake. Ni kweli kwamba weupe wa kijiko hiki hufifia baada ya wiki mbili na lazima usuguliwe, na mvuvi mwenye haraka hatakipenda. Lakini kinavua.

Fundi alinitoza shilingi 5,000 kwa kila kimoja, nami naona ni haki kwa kazi ya nusu siku. Akipata oda ya vijiko hamsini atatengeneza kalibu ya chuma na bei itashuka, hayo ni maneno yake. Tatizo lake ni lile lile la kijana wa dukani: hawezi kutengeneza hamsini bila kujua nani atavinunua, na duka haliwezi kuviweka bila kuviona. Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako mambo machache ambayo hayahitaji bajeti ya mtu yeyote. Wenye maduka ya vifaa vya uvuvi hapa mjini wampe fundi msumari mmoja ukutani, kwa mali kauli, vikikaa wamrudishie. Mafundi wengine wakitaka kuiga waige, ila wasikimbilie bati la chuma kwa sababu ni rahisi, maana tumekwisha kuumwa na nyoka huyo. Na maofisa wetu wa uvuvi, ambao kila mara hutukataza makokoro na nyavu za macho madogo, nao wana haki kabisa ya kutukataza, wakumbuke katika mikutano yao ya mialoni kutaja pia zana zinazoruhusiwa na namna ya kuzipata. Kijana anayeambiwa aache kokoro bila kuonyeshwa cha kushika mkononi atalirudia usiku.

Nina neno moja pia kwa wavuvi wenzangu, kwa kuwa nimewapigia debe na nisingependa kijiko kitumike vibaya. Karibu na mawe tunakutana na kuhe, samaki ambaye wataalamu wanamhesabu kuwa mkubwa kuliko wote wa jamii yake duniani, na jamii hiyo ni kubwa, ndimo alimo hata ngege. Kuhe dume na jike hulinda watoto wao pamoja, wakielea juu ya kundi la vichanga mfano wa wingu. Wakati huo hurukia chochote kinachopita, na kijiko kitamnasa kwa urahisi mno. Ukiwaona wawili na wingu lile chini yao, sogeza mtumbwi. Ukimtoa mmoja, wingu lote huliwa kabla hujafika nchi kavu.

Kijiko cha asili nimekiacha kwa fundi kikae kama kipimo, pamoja na gogo lile la mninga. Mwenye nia ya kutengeneza, au mwenye duka anayetaka kuona kazi yenyewe, anaweza kunikuta mwaloni Kibirizi asubuhi ya Jumamosi yoyote nami nitampeleka. Aje na rula, uzi na karatasi ya kuchorea. Akipime, akichore, akishike kwa muda anaotaka, ila kuondoka nacho sitamruhusu hata awe ndugu yangu.

Ni mimi,
Mvuvi wa mshipi na mstaafu wa reli,
Kibirizi, Kigoma.